Yatima wa Njia ya Msafara: Malezi na Saikolojia ya Muuaji wa Kisiasa, kutoka Rugaruga wa Unyanyembe hadi Kadogo wa Kongo

1.0 Utangulizi

Tafiti kuhusu mauaji ya kisiasa katika Afrika Mashariki na Kati aghalabu huanza na aliyeuawa. Kifo cha Mwanamfalme Louis Rwagasore mjini Usumbura tarehe 13 Oktoba 1961, cha Tom Mboya mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na cha Sheikh Abeid Amani Karume huko Unguja tarehe 7 Aprili 1972, vyote vimeandikiwa kwa wingi, na swali linalotawala maandishi hayo ni moja: nani alimtuma muuaji? Muuaji mwenyewe huonekana kama mkono tu, nao mkono hauulizwi historia yake. Insha hii inaligeuza swali hilo. Inauliza mkono huo ulikulia wapi, ulilelewa na nani, na kwa nini ulikubali kutumwa.

Eneo linaloshughulikiwa kwanza ni Unyanyembe, utemi wa Kinyamwezi ambao ardhi yake leo imo ndani na kandokando ya Manispaa ya Tabora, zikiwemo kata kama Ipuli na Itetemia. Katika karne ya 19 hapa palikuwa njia panda ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika Tabora, ikagawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi hadi Katanga. Kipindi kinachochunguzwa kinaanza na kung'olewa kwa Mtemi Mnywa Sere mwaka 1860 na kuishia na kuanguka kwa Mtemi Isike mbele ya Wajerumani mnamo Januari 1893. Katika miaka hiyo lilijitokeza kundi la vijana wenye silaha walioitwa rugaruga, ambao kwa mikono yao watemi waliinuliwa na kuangushwa. Sehemu ya mwisho inavuka Ziwa Tanganyika na kufika Kinshasa, ambako tarehe 16 Januari 2001 Rais Laurent-Désiré Kabila aliuawa na mlinzi wake, kijana aliyetoka miongoni mwa askari watoto walioitwa kadogo.

Muuaji wa kisiasa, kwa maana inayotumika hapa, ni mtu anayeua kwa ajili ya mamlaka au dhidi ya mamlaka, naye aliyeuawa amelengwa kwa sababu ya nafasi yake katika mamlaka hayo. Rugaruga hakuwa hivyo siku zote. Aliteka ng'ombe, aliviziia misafara na alipigana vita vya kawaida. Hata hivyo, kazi yake kubwa ilikuwa ya kisiasa, kwa kuwa alikuwa chombo ambacho kwacho watawala wapya waliwaondoa watawala wa zamani.

Hoja kuu ni kwamba muuaji wa namna hii hazaliwi na jeraha la utotoni peke yake. Jeraha lilikuwa la wengi, wauaji walikuwa wachache. Kilichoamua ni nani aliyemwokota mtoto baada ya kupoteza kwao, na alimdai nini kama malipo ya kuwa na kwao tena.

2.0 Utoto wa Kawaida katika Unyamwezi

Ili kuelewa kilichoharibika, ni lazima kwanza kueleza kilichokuwapo. Richard Burton, aliyefika Tabora mwishoni mwa mwaka 1857, alieleza maisha ya vijiji vya Wanyamwezi kwa kirefu. Miongoni mwa aliyoyataja ni iwanza, yaani nyumba ya pamoja ambamo wanaume walikutana, wakala, wakazungumza na kupumzika. Mvulana aliyekua karibu na iwanza alijifunza kwa kusikiliza: mashauri ya wazee, habari za safari, kesi za jirani, utani wa koo. Hapo alifahamu yeye ni nani kwa kufahamu ni wa nani.

Shule ya pili ilikuwa msafara. Burton aliwaona watoto wakibeba pembe ndogo za ndovu pamoja na wakubwa wao, akaandika kwamba kazi ya upagazi ilihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume. Kijana aliyekwenda pwani akarudi aliheshimiwa, na alirudi na nguo, shanga na masimulizi. Safari ilikuwa ngumu na wengine walikufa njiani. Hata hivyo, ilikuwa na mwisho unaofahamika: kurudi nyumbani, kuoa, kulima. Ujasiri wa kijana ulipimwa kwa uzito wa mzigo aliofikisha, na mashahidi wa ujasiri huo walikuwa ndugu zake.

Katika malezi ya aina hii ukali haukukosekana, lakini uliwekewa mipaka. Kijana aliyemwaga damu aliwaingiza jamaa zake katika deni, hivyo jamaa hao walikuwa na sababu ya kumzuia. Ukoo ulikuwa mlezi wa mtoto, na papo hapo ulikuwa kizuizi cha ghadhabu yake. Kwa hiyo kuvunjika kwa ukoo kulimpokonya mtoto vitu viwili kwa pamoja: wa kumtunza na wa kumzuia.

3.0 Watoto Wasio na Kwao

Mambo matatu yalivunja utaratibu huo katikati ya karne ya 19.

La kwanza ni kuingia kwa Watuta. Hawa walikuwa tawi la Wangoni waliotoka kusini chini ya Zwangendaba, na baada ya kifo cha kiongozi huyo huko Ufipa mnamo miaka ya 1840 makundi yao yalitawanyika. Watuta walifika Unyamwezi na desturi ya Kingoni ya kuwateka vijana na kuwaingiza katika vikosi vyao. Mateka hakuuawa wala hakubaki mateka daima. Alipewa ngao, akapewa wenzake wa rika, akawa Mtuta kwa kupigana. Hilo lilikuwa wazo geni na lenye nguvu, kwani lilionyesha kwamba undugu unaweza kutengenezwa kwa vita.

La pili ni biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Mahitaji ya watumwa Unguja na bara yaliwafanya watoto kuwa mali inayouzika. Wengine walitekwa, wengine walitolewa rehani wakati wa njaa, wengine waliachwa njiani walipougua. Wapo waliotoroka na wasiweze kurudi kwao kwa kuwa kijiji kilikuwa kimeshateketezwa. Kuzunguka Tabora walikuwapo vijana wengi wa namna hii: watumwa watoro, wapagazi walioacha misafara, mateka waliosahauliwa na waliowateka.

La tatu ni siasa za Unyanyembe zenyewe. Baada ya kifo cha Mtemi Fundikira, utemi ulimwangukia Mnywa Sere, ambaye alijaribu kuwatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Wafanyabiashara hao walimwondoa mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sere hakukubali. Kwa miaka mitano alizunguka porini na wafuasi wake, akishambulia misafara na kutafuta washirika. John Hanning Speke alikutana naye mwaka 1861 na kujaribu bila mafanikio kuwapatanisha. Mwaka 1865 Mnywa Sere alikamatwa na kukatwa kichwa.

Tukio hilo ni la msingi katika historia ya mauaji ya kisiasa ya eneo hili. Kwa desturi, mtemi alikuwa zaidi ya mtawala; afya ya nchi, mvua na mavuno vilihusishwa na mwili wake. Kumkata kichwa mtemi, tena kwa maslahi ya biashara, kulitangaza kwamba kiti cha utemi sasa kingeweza kutwaliwa na yeyote mwenye bunduki za kutosha. Kijana aliyekua Unyanyembe baada ya 1865 alijifunza somo hilo kabla ya kujifunza kubeba mzigo.

4.0 Baba wa Vita

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa watoto wa njia ya msafara, ulimwengu huo ulikuwa na majina ya watu. Wawili wanajulikana kuliko wengine: Mirambo wa Urambo na Nyungu ya Mawe wa Kiwele.

Mirambo alizaliwa karibu na mwaka 1840, mtoto wa Kasanda, mtemi wa Uyowa. Jina alilojulikana nalo linahusishwa na maiti, nalo ni jina la vita. Masimulizi kadhaa yanamhusisha na Watuta katika ujana wake, mengine yakisema alitekwa nao. Vyovyote alivyokutana nao, mbinu zake zilikuwa zao: alishambulia alfajiri, alisafiri kwa kasi, na vijana aliowateka aliwaingiza jeshini badala ya kuwauza wote. Dk. Ebenezer Southon wa Chama cha Misheni cha London, aliyeishi Urambo kuanzia 1879 hadi kifo chake mwaka 1882, aliacha maelezo marefu juu ya mtawala huyo, na katika maelezo hayo Mirambo haonekani kama jambazi. Anaonekana mtu mtulivu, mwenye kuuliza maswali, anayejua thamani ya wafuasi wake.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwa mada hii umo katika maandishi ya Henry Morton Stanley, aliyechanjana damu na Mirambo mwezi Aprili 1876. Stanley anasimulia kwamba Mirambo alimweleza kuwa hapendi kwenda vitani na watu wazima. Alichagua vijana ambao bado hawajaoa wala kuzaa, kwa kuwa macho yao ni makali, viungo vyao ni vyepesi, na hawana wa kumfikiria nyumbani. Kauli hiyo isichukuliwe kama ya jemadari anayetafuta wepesi wa miguu tu. Ndani yake mna maarifa ya saikolojia. Mirambo alijua kwamba mwenye mke na mtoto ana mahali pengine pa kupendwa, na kwa hiyo ana sababu ya kukimbia. Asiye na kwao hana pa kukimbilia isipokuwa kwa aliyemchukua.

Tukio la Agosti 1871 linaonyesha tofauti hiyo upande wa pili. Mirambo alipoishambulia Tabora, mfanyabiashara Khamis bin Abdallah alitoka kupambana naye akiwa na watumwa wenye silaha wapatao 80 na Waarabu wachache. Kwa mujibu wa Stanley, aliyekuwa Kwihara siku hizo, watumwa wale walimkimbia bwana wao, naye akazingirwa na kuuawa pamoja na waliobaki naye. Watumwa wa Khamis walikuwa wamepokonywa kwao kama rugaruga wa Mirambo. Bunduki walikuwa nazo pia. Kilichowatofautisha ni kwamba Khamis aliwamiliki tu, lakini Mirambo aliwapa wafuasi wake fungu la nyara, jina la vita na nafasi ya kupanda cheo. Mtumwa alipigana kwa hofu ya bwana, na hofu hiyo ilipozidiwa na hofu ya adui, alikimbia. Rugaruga alipigania mahali pake duniani.

Nyungu ya Mawe alitoka katika ukoo wa kitemi wa Unyanyembe. Alijitenga na nchi yake wakati ambapo Mnywa Sere aliuawa, akaelekea kusini-mashariki katika nchi ya Wakimbu. Alikuwa na jicho moja. Mtafiti Aylward Shorter, aliyekusanya masimulizi ya Wakimbu katika miaka ya 1960, ameonyesha jinsi Nyungu alivyotumia rugaruga wake kuwaondoa watemi wadogo wengi na kuunganisha nchi zao chini ya makao yake ya Kiwele. Hapa uhusiano kati ya jeraha na mauaji ya kisiasa uko wazi zaidi: mwana wa kitemi aliyeshuhudia utemi wa kwao ukiporwa akawa mporaji wa utemi wa wengine. Somo la mwaka 1865 alilielewa vizuri, akalifundisha.

5.0 Kuua kama Kiapo, na Muuaji Asiye na Jina

Wasafiri na wamisionari walieleza mavazi ya rugaruga kwa mshangao: vitambaa vyekundu, pete za pembe za ndovu, mapambo ya nywele na meno ya binadamu. Walieleza pia uvutaji wa bangi kabla ya mapambano. Wengi wao waliyaona mambo hayo kama dalili za ukatili wa asili. Tafsiri hiyo haitoshi. Vazi la rugaruga lilikuwa hati ya uraia. Aliyevaa meno ya aliyemuua alikuwa anaonyesha kwa macho ya wote kwamba amevuka mstari usiorudika. Kijiji chake cha zamani, hata kama kingekuwapo, kisingempokea tena akiwa hivyo. Kwa hiyo kuua kulifanya kazi ambayo katika malezi ya kawaida ilifanywa na jando la safari na ndoa: kulimtoa kijana katika hali moja na kumweka katika nyingine, mbele ya mashahidi.

Mtazamo huu unasaidia kueleza jambo ambalo nadharia ya ukatili wa asili haiwezi kulieleza, yaani nidhamu. Kundi la watu waliopungukiwa akili lisingeweza kutii amri ya kutoshambulia. Rugaruga wa Mirambo waliweza: alipotaka misafara fulani ipite salama, ilipita. Ukali wao ulifunguliwa na kufungwa na mtu mmoja.

Hata hivyo, mkono wa namna hiyo ulimpa mkuu wake faida nyingine, nayo ni uwezo wa kuukana. Mwezi Juni 1880 Waingereza wawili, Frederick Carter na Tom Cadenhead, waliokuwa katika huduma ya mradi wa Kibelgiji, waliuawa huko Mpimbwe katika shambulio la majeshi ya Mirambo na mshirika wake Simba. Mirambo alisema hakujua kwamba Wazungu wamo katika kijiji kile, akajutia vifo vyao. Huenda alisema kweli. Linalohusu hoja hii ni umbo la utetezi: waliofyatua risasi hawakutajwa kwa majina, hawakuhojiwa, na katika barua za balozi mdogo John Kirk na za wamisionari hawana sura. Kijana aliyeua ili awe mtu wa fulani aligeuka, mara tu mauaji yalipoleta gharama, kuwa si mtu wa yeyote.

6.0 Jeraha Peke Yake Haliui

Hoja inayoelekea kufikiriwa haraka ni kwamba vita na utumwa vilizalisha watoto waliojeruhiwa, na watoto waliojeruhiwa wakazalisha vita. Mduara huo unavutia, lakini ushahidi wa eneo hilihili unaukataa.

Adrien Atiman alitekwa akiwa mtoto katika eneo la mto Niger, akavushwa Jangwa la Sahara kama mtumwa, hadi alipokombolewa na Mapadri Weupe. Walimsomesha utabibu huko Malta, na mwaka 1889 alifika Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko hadi kifo chake mwaka 1956. Jeraha la utoto wake halikuwa dogo kuliko la rugaruga yeyote: alipoteza wazazi, lugha na nchi. Katika Kipalapala, karibu na Tabora, Mapadri hao hao walikuwa na kituo cha watoto waliokombolewa katika miaka ya 1880, miaka ileile ambayo rugaruga walikuwa katika kilele cha nguvu zao. Watoto wa asili moja, waliopita katika soko moja, walifuata njia mbili.

Haifai kutoka hapa na kuhitimisha kwamba misheni ilikuwa wema mtupu. Mtoto aliyekombolewa hakuulizwa kama anataka dini aliyopewa, na naye pia alilipa kwa utii. Tofauti iko katika aina ya malipo. Atiman alidaiwa kuponya. Kijana wa Urambo alidaiwa kuua. Wote wawili walilipa kwa moyo, kwa sababu wote wawili walikuwa wakinunua kitu kimoja.

Saikolojia ya karne ya 20 inaunga mkono usomaji huu. John Bowlby wa Uingereza, katika kazi zake kuanzia miaka ya 1950, alionyesha kwamba mtoto aliyetenganishwa na mlezi wake hutafuta kwa nguvu mlezi wa badala, na kwamba hitaji hilo ni la msingi kama njaa. Ripoti ya Graça Machel kuhusu watoto katika vita, iliyowasilishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1996, ilieleza kuwa watoto waliotenganishwa na familia zao ni miongoni mwa walio rahisi zaidi kuingizwa katika majeshi, na kwamba baadhi hujiunga ili wapate chakula, ulinzi na kundi la kujiegemeza. Mirambo hakuhitaji ripoti hiyo. Aliyajua hayo miaka 120 kabla yake.

7.0 Baba Anapovunja Ahadi: Kadogo wa Kongo

Uhusiano kati ya Unyamwezi na Kongo ni wa zamani. Msiri, mwana wa mfanyabiashara kutoka magharibi mwa Tabora, alianzisha utawala wa Garenganze huko Katanga katikati ya karne ya 19 kwa kutumia bunduki na vijana wa njia hiyohiyo ya misafara. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na Kapteni Omer Bodson wa msafara ulioongozwa na William Stairs, msafara ambao ulikuwa umepitia Tabora. Baadaye reli ilifuata nyayo za wapagazi, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Laurent-Désiré Kabila, ambaye kwa miaka mingi aliendesha uasi wake katika milima ya Fizi na kuishi kwa vipindi Dar es Salaam, alikuwa mtu wa ulimwengu huu wa ziwa na reli. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi lake.

Oktoba 1996 Kabila na wenzake watatu, akiwemo Anselme Masasu Nindaga, waliunda muungano wa kumpindua Mobutu. Maelfu ya watoto na vijana wa Kivu waliandikishwa, wengi kupitia Masasu. Waliitwa kadogo, jina lililokwisha kutumika Uganda katika miaka ya 1980 kwa watoto wa jeshi la Yoweri Museveni, wengi wao wakiwa yatima wa Luwero. Tarehe 17 Mei 1997 jeshi hilo liliingia Kinshasa. Kadogo walimzunguka rais kama walinzi. Wao walimwita Mzee, naye, kwa mujibu wa taarifa za wakati huo, aliwaona kama watoto wake ambao kamwe wasingemdhuru.

Huu ni muundo uleule wa Urambo: mtoto asiye na kwao, baba wa vita, na utii unaotokana na kuokotwa. Lakini baba wa vita naye hufungwa na ahadi yake. Novemba 1997 Masasu alitiwa nguvuni. Alipoachiwa mwaka 2000 uhuru wake haukudumu. Novemba mwaka huohuo aliuawa kwa amri ya mahakama ya kijeshi. Vijana wa Kivu waliomhesabu Masasu kuwa ndiye aliyewaokota walishuhudia mlezi mmoja akimuua mwingine. Tarehe 16 Januari 2001 mmoja wa walinzi hao, Rashidi Kasereka, aliingia ofisini kwa Kabila na kumpiga risasi. Rashidi mwenyewe aliuawa papo hapo.

Mahakama ya kijeshi ilishughulikia kesi ya washtakiwa zaidi ya 100 na mwezi Januari 2003 ikatoa hukumu za kifo kwa makumi yao, akiwemo Kanali Eddy Kapend, msaidizi wa rais, ambaye aliachiwa kwa msamaha mwezi Januari 2021. Ubishi juu ya waliopanga umeendelea tangu hapo: wapo wanaoelekeza kidole kwa nchi jirani, wapo wanaotaja maofisa wa ndani, wapo wanaoona kisasi cha Masasu. Maelezo hayo yote yanauliza nani alimtuma Rashidi. Hayaelezi kwa nini alikuwapo kijana wa kutumwa, aliyesimama mita chache kutoka kwa rais akiwa na silaha, na ambaye rais alimwamini kwa sababu alimpata akiwa mdogo. Mpango wowote uliokuwapo ulihitaji kwanza malezi hayo.

Ulinganisho na Unyamwezi unatoa fundisho jingine. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884, na Nyungu ya Mawe mwezi huohuo. Dola ya Mirambo ilianza kusambaratika mara moja, kwa kuwa kilichowafunga rugaruga pamoja kilikuwa mtu mmoja, naye hayupo. Utawala wa Nyungu ulidumu chini ya binti yake Mgalula hadi Wajerumani walipofika, kwa kuwa Nyungu aliwapa makamanda wake maeneo ya kutawala. Aliwageuza watoto wa vita kuwa wenye nchi, wenye wake na mashamba ya kulinda. Kwa maneno mengine, aliwarudishia kwao. Kabila hakufanya hivyo. Kadogo wake walibaki kadogo: bila mishahara ya uhakika, bila shule, mbali na Kivu, wakiwa na bunduki na baba mmoja.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba muuaji wa kisiasa katika njia ya zamani ya misafara hakuwa kichaa wala hakuwa zao la moja kwa moja la mateso ya utotoni. Alikuwa mtoto aliyepoteza ukoo, akapewa mwingine kwa sharti la damu. Mabadiliko matatu, yaani kuja kwa Watuta, biashara ya watumwa, na kuvunjwa kwa heshima ya utemi mwaka 1865, yaliwafanya watoto hao kuwa wengi. Hata hivyo idadi yao haikuwafanya wauaji. Kilichofanya hivyo ni uamuzi wa watu wazima waliotambua thamani ya asiye na kwao, wakaifanya kuwa sera.

Maelezo haya hayamwondolei muuaji lawama. Rashidi Kasereka alifyatua risasi mwenyewe, na rugaruga waliochoma vijiji walijua wanachokichoma. Lakini lawama inayoishia kwa mkono huacha mahali pa kuzalishia mikono pakiwa salama. Wajerumani walipomshinda Isike mwaka 1893 hawakuwavunja rugaruga. Waliwaajiri, na majina hayo yanaonekana tena katika majeshi ya msaada hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Serikali ilichukua nafasi ya baba wa vita bila kubadili sharti la ubaba huo.

Kwa mtafiti wa mauaji ya kisiasa, maana yake ni kwamba jalada la kesi halitoshi kuwa chanzo. Daftari la kituo cha yatima, orodha ya uandikishaji jeshini na masimulizi ya wazee juu ya watoto waliotekwa ni sehemu ya ushahidi uleule. Kwa dola zinazojaribu leo kuwarudisha askari watoto mashariki mwa Kongo, maana yake ni ya haraka zaidi. Kumpokonya kijana bunduki ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kumpa kwao pasipomdai aue, na Nyungu ya Mawe, pamoja na ukatili wake wote, alilielewa hilo mapema.